Dakika 26 bila sauti, na mjomba akaanza kutafsiri

Jumapili umeme ulienda saa moja jioni hapa Walukuba, Jinja, Uganda, mtaa mzima giza, na mimi nilikuwa nimekaa na mjomba barazani tunasubiri chai. Simu yangu ilikuwa bado na chaji, nikamwambia mjomba kuna kitu nilidanlodi wiki hii nataka ukione. Akauliza, ni sinema? Nikamwambia hapana, ni watu wameenda kwenye shoo ya muziki kule California, Desemba 1969, na mmoja wao alibeba kamera yake ndogo.

"Desemba 1969," akasema. "Huo ndio mwezi Rais Obote alipigwa risasi Lugogo, Kampala. Baba alikaa na redio sikioni mpaka asubuhi." Halafu akavuta kiti karibu.

Kwa wasiomjua mjomba wangu, huyu alikuwa na kibanda cha video pale njia ya kwenda Masese miaka ya 1990. Mabati, mabenchi ya mbao, deki mbili, jenereta inanguruma nje, na watoto wanachungulia kwenye matundu ya ukuta. Maiki alikuwa anashika mwenyewe, anawatafsiria watu sinema huku inaendelea. Vibanda vingi wanatafsiri kwa Kiganda lakini Walukuba ni mtaa wa watu wa viwandani, Mluo yupo, Msamia yupo, Mlugbara yupo, Msoga ndiye mwenyeji, kwa hiyo mjomba alitafsiri kwa Kiswahili, na akitaka watu wacheke anaingiza Kiganda kidogo. Nimekulia kwenye sauti yake. Mpaka leo nikiona Wachina wanapigana kwenye TV nasikia mjomba kichwani.

Sasa hiki kitu chenyewe. Tarehe 6 Desemba 1969 Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, walifanya shoo ya bure kwenye uwanja wa mashindano ya magari unaoitwa Altamont, kaskazini mwa California. Watu kama 300,000 walikuja. Walitangulia Santana, Jefferson Airplane, Flying Burrito Brothers na Crosby, Stills, Nash & Young, halafu Stones wakapanda giza limeshaingia. Wanaopenda muziki wa roki wanaijua hii shoo kwa ubaya wake, nitafika huko. Watu wengi wanaijua kupitia ile filamu ya ndugu wawili, akina Maysles, pamoja na Charlotte Zwerin, iliyotoka 1970, wale walikuwa na wapiga picha wengi wenye kamera nzuri na walipewa nafasi mpaka jukwaani.

Lakini mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani ikatoa picha nyingine kabisa, ambazo hakuna aliyejua kama zipo. Rolo mbili za filamu ya milimita 8, ya rangi, bila sauti, jumla dakika 26, zimepigwa na mtu ambaye jina lake halijulikani mpaka leo. Zilikuwa zimekaa ndani ya mkusanyiko mkubwa wa filamu wa bwana mmoja anaitwa Rick Prelinger, huyu kazi yake miaka yote ni kuokota filamu ambazo wengine wanatupa, za nyumbani, za viwandani, za mashuleni, na maktaba ikachukua mzigo wake maelfu kwa maelfu ya rolo. Hizi mbili zilikuwa zimeandikwa "Stones in the Park", kwa hiyo mtu akiona anafikiri ni ile shoo ya Hyde Park, London, ya Julai mwaka huohuo, basi zikakaa tu hapo. Siku walipoziangalia vizuri ndipo wakaona, hii si London, hii ni Altamont.

Nikabonyeza. Watu. Watu watu watu mpaka vilimani. Wamekaa chini, wamesimama, wamefunikwa blanketi. Kimya kabisa, hata upepo husikii, kwa sababu kamera za nyumbani za wakati ule karibu zote hazikuwa na sauti, Kodak walileta filamu ya Super 8 yenye sauti mwaka 1973 ndipo mtu wa kawaida akaanza kuweza. Tukaangalia kama dakika moja hivi hatusemi kitu.

Halafu nikasikia sauti ya kibanda. Mjomba ameanza kutafsiri!

Sikumwomba. Nafikiri hata yeye hakujua ameanza. "Sasa mnaona wananchi wamefika, wengine wamelala hapahapa tangu jana, huyu hapa baridi limempata anatafuta mwenzake wa blanketi..." Nikanyamaza nikamwacha. Miaka karibu 20 sijamsikia akifanya hivyo, kibanda alifunga watu walipoanza kununua TV na CD za magendo zikajaa mjini, na yeye tangu siku ile alikuwa hataki hata kukizungumzia. Banange, nilikuwa nashika simu kwa mikono miwili nisije nikaitikisa.

Akaendelea hivyo mpaka kwenye jukwaa, hapo akakatika.

"Mama," akaniambia, huwa ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la bibi, "mbona hili jukwaa liko chini hivi? Na hawa wanaume wanafanya nini juu?"

Mtu aliyeshika mlango wa kibanda miaka 10 anaona haraka. Hilo jukwaa lilikuwa na urefu wa kama mita 1 tu. Lilitengenezwa kwa ajili ya uwanja mwingine, Sears Point, ambako lingewekwa juu ya mlima na watu wangekuwa bondeni, kwa hiyo halikuhitaji kuwa refu. Mambo yakavurugika, shoo ikahamishiwa Altamont zikiwa zimebaki siku mbili hivi, na huku Altamont jukwaa likawa chini ya mteremko na watu wako juu wanasukumana kushuka. Mtu akisukumwa kule nyuma, wa mbele anaangukia miguuni kwa mwimbaji. Na wale wanaume ni Hells Angels, kundi la waendesha pikipiki, ndio waliowekwa kulinda jukwaa, na inasemekana malipo yao yalikuwa bia za dola 500.

"Kanyama unamlipa bia kabla ya kazi?" mjomba akauliza, kanyama ndiye baunsa. Hakuwa anacheka. Akaniambia yeye kwenye kibanda kanyama wake alikuwa anakula ugali kwanza, pesa anapata shoo ikiisha na watu wakiwa wametoka wazima, na pombe ukimkuta nayo anaenda nyumbani. Kibanda cha watu 80! Hawa wana laki tatu.

Basi nikamweleza yaliyobaki. Marty Balin wa Jefferson Airplane alipigwa na hao Angels mpaka akazimia, shoo inaendelea mchana kweupe. Grateful Dead walipofika na kusikia hivyo wakaondoka bila kupiga. Usiku Stones wakiwa jukwaani kijana mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, akachomwa kisu na mmoja wa Angels mbele ya jukwaa, na kijana huyo akafa. Alikuwa ametoa bastola, na aliyemchoma alishtakiwa, mahakama ikamwachia mwaka 1971 ikisema alijikinga. Siku hiyo walikufa wengine watatu, wawili waligongwa na gari na mmoja alizama kwenye mfereji wa maji.

Mimi nimesoma sana kuhusu Altamont na kila anayeandika anasema pale ndipo enzi ya mahipi, ya maua na mapenzi, ilipokufa, miezi minne tu baada ya ile shoo kubwa ya Woodstock. Wanaandika hivyo kwa uzuri sana, na jina la Meredith linapita kwenye mstari mmoja kama mfano. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila hata jiwe la jina. Hilo ndilo linaloniumiza kwenye habari hii yote, kuliko pikipiki na bia. Kijana ametoka nyumbani kwao amevaa suti yake ya kijani kwenda kusikia muziki. Kwa hiyo ninapoangalia hizi dakika 26 mimi sitafuti Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, amevaa nini, naangalia wale watu wa kawaida walioenda kama alivyoenda yeye. Kamera kubwa zinamfuata mwimbaji. Huyu mwenye kamera ndogo alikuwa amekaa na watu, anachoona yeye ndicho walichoona wao, vichwa vya wa mbele, mkono wa mtu umepita, mwimbaji mdogo kule mbali.

Na alikuwa anabana! Hiki kitu watu wa simu hatukielewi tena. Rolo moja ndogo ya milimita 8 inakupa dakika tatu au nne hivi, basi. Kwa hiyo dakika 26 ni rolo ndogo kama saba, zilizounganishwa zikawa zile mbili, kila moja imenunuliwa, imebadilishwa kwa mkono katikati ya umati, halafu unalipa tena kuzisafisha. Ndiyo maana inakatakata, sekunde chache Santana, sekunde chache watu. Kila sekunde aliamua kwamba hii inafaa. Mimi nina video 900 kwenye simu na sijui ni ngapi nimeziamua.

Halafu nikamweleza mjomba kitu ambacho nilifikiri ni kidogo tu. Hizi filamu ziliachwa kwenye maabara ya kusafisha filamu huko San Francisco. Mwenyewe alizipeleka na hakurudi kuzichukua. Maabara ilipokuja kufungwa ndipo Prelinger akapita akaokota.

Mjomba akashusha simu akaiweka magotini.

"Hakuwa na pesa," akasema.

Nikamwambia mjomba labda alihama, labda aliumwa, labda baada ya yale yaliyotokea hakutaka kuona tena. Akatikisa kichwa. Ndipo akaniambia habari ambayo sijawahi kuisikia hata mama hajawahi kunisimulia.

Mwaka 1994 vijana wa hapa walikuwa na bendi, wanapiga rumba na zile za Afrigo, maana nani hakupiga nyimbo za Afrigo, bendi ya hapa Uganda, iko tangu 1975 na Moses Matovu bado anapuliza saksofoni. Aliyepiga besi alikuwa rafiki wa damu wa mjomba, walisoma pamoja, na huyo ndiye alikuwa mgonjwa wa muziki wa roki, ana kaseti za Wazungu ambazo hakuna mwingine aliyezielewa. Siku moja wakapiga kwenye ukumbi hapa mtaani na yule wa besi akaacha rumba katikati akaanza kupiga roki peke yake, wenzake wakasimama, halafu wa ngoma akamfuata, halafu wote. Mjomba anasema watu walipanda juu ya viti. Na mjomba alikuwa ameazima kamera ya mpiga picha wa harusi, zile zenye kanda ndogo, akarekodi yote.

Kanda ndogo haiingii kwenye deki. Akaipeleka kwenye duka moja mjini Jinja waihamishie kwenye mkanda mkubwa, akatoa nusu ya pesa. Nusu ya pili ikakosekana mwezi ule. Mwezi wa pili pia. "Halafu nikaanza kuona aibu," akasema, "nikawa nazunguka njia nyingine nisipite pale dukani." Mwaka 1997 rafiki yake akafariki. Mjomba akakimbia dukani na pesa yote mfukoni, duka limeshahama, wanauza viatu. Hakuna picha nyingine ya yule bwana akipiga gitaa, mkewe aliomba miaka yote kama kuna mtu anayo na mjomba hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa nayo.

Chai ililetwa ikapoa. Simu ikabaki na chaji asilimia 11 na mjomba akaniambia, rudisha pale mwanzo kabisa, pale kwenye vilima. Tukaangalia tena bila yeye kutafsiri mpaka ikazima.

Jumatatu sikwenda kazini asubuhi, nilichukua boda nikaenda mjini kuulizia. Lile jengo bado lipo, chini sasa ni mobile money na saluni. Nikaelekezwa kwa mzee mwenye nyumba, anakaa Bugembe, mzee wa watu akanikaribisha na nikamweleza. Anasema wale wa duka la video walipoondoka walikuwa wanadaiwa kodi na waliacha maboksi, na yeye hakuyachoma kwa sababu mkewe alitaka maboksi. Yako stoo, juu, chini ya mabati. Hajui yana nini ndani na hajapanda huko muda mrefu.

Najua joto la mabati linafanya nini kwa kanda. Filamu za zamani zikioza zinanuka siki, hizi za video zinaota ukungu na zinagandana, unaweza kuipata na isicheze hata sekunde moja. Mjomba nimemwambia hayo yote. Akasema sawa, akauliza ngazi tunaazima wapi.

Tunaenda Jumamosi. Kanda zile zinaitwa milimita 8 pia, ingawa ni za sumaku, si filamu kama ile ya Altamont, na zinahitaji kamera au deki ya aina yake ndipo zicheze. Kama kuna mtu Jinja, Iganga au hata Kampala ana kamera ya namna hiyo inayowaka, hata kama skrini imevunjika, niandikie tafadhali. Nitakuja mwenyewe kuichukua na nitaacha kitambulisho changu.