Penseli za Watu Wengine

Jumapili moja katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, muuzaji wa vitabu vikuukuu alinitazama kwa huruma. Nilikuwa nimeshika nakala ya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Jalada lilishikiliwa kwa selotepu na kurasa zilijaa maandishi ya penseli. "Mwalimu, hicho kimechorwachorwa," aliniambia. "Chukua hiki kisafi, bei ni ile ile." Nilimlipa shilingi 50 nikaondoka na kile kibovu.

Wakusanyaji wengi husaka nakala isiyo na doa. Mimi niliacha zamani, kwa sababu humu nchini riwaya ya Kiswahili huishi kwa mtihani: ikiteuliwa kutahiniwa, hununuliwa na shule nzima na kufunikwa kwa karatasi ya kaki; orodha ya vitabu teule ikibadilika, humwagwa sokoni, nasi tunaopekua mafungu tukafaidi. Tangu mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ufanywe mwaka 2023, hata vitabu vya shule ya msingi vya 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa, nimekuwa nikiviona vikifungia maandazi.

Kuvihifadhi ni kazi nyingine. Unyevu wa ziwa huleta kuvu, hasa masika ya Machi hadi Mei, na mchwa hupanda ukutani ndani ya vijia vyao vya udongo bila kumbughudhi mtu. Rafu yangu nimeitenga na ukuta kwa upana wa kiganja, na kitabu kilicholowa hukikausha kivulini penye upepo, kwani jua hukunja jalada na kuifanya karatasi kuwa ya manjano.

Nakala ile ya Kibuye niliisoma mara mbili, mara ya pili nikifuata penseli peke yake. Mwanafunzi aliyeimiliki alikuwa mtiifu kupita kiasi: kila penye tashbihi aliandika "tashbihi", kila penye jazanda aliandika "jazanda", na methali alizipigia mistari miwili kwa rula. Kisha, katikati ya kitabu, penseli ikanyamaza. Kurasa kumi na tisa nilizihesabu, wala si kwamba tamathali zilikuwa zimekwisha. Ukurasa wa ishirini ukawa na neno moja lililokandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka: "Maskini!" Baada ya hapo mwanafunzi akakumbuka mtihani, tashbihi zikaanza upya.

Kwa mtu anayeandika hadithi, kurasa hizo tupu zina faida kuliko uhakiki mwingi niliowahi kuusoma. Ndiyo maana mwezi uliopita nilimpa mpwa wangu aliye kidato cha tatu kurasa 40 za mswada wangu pamoja na penseli iliyochongwa vizuri, bila kumweleza ninachokitafuta. Alinirudishia baada ya siku mbili. Alama zilikuwepo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

"Mjomba," akasema kwa fahari, "nimepata methali kumi na moja."