Nilivyowapatia walimu wa Kiingereza mapumziko ya kweli Dar

Watu wakisikia kwamba shuleni nimepewa kazi ya kuwapokea walimu wa kigeni, kila mmoja ana ushauri. Wapeleke Masaki, huko watajisikia kwao. Wapandishe boti waende Zanzibar. Watafutie vijana wa kupiga nao soga za Kiingereza wasije wakashikwa na upweke. Ushauri huo nimepewa na walimu wenzangu, na madereva, na shemeji yangu ambaye hajawahi kukaa na mgeni hata siku moja. Nasema wazi: huo wa mwisho ndio mbaya kuliko yote, na ndio unaotolewa kwa sauti kubwa zaidi.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza upande wa Mbezi Beach. Karibu kila mwaka tunapokea walimu wa Kiingereza kutoka nje, na kwa kuwa naishi jirani na nyumba wanazopangiwa, uenyeji umeniangukia mimi. Darasani wanajiweza. Ngoma iko kuanzia Ijumaa alasiri, kengele ya mwisho ikishapigwa, mpaka Jumatatu asubuhi.

Kabla yangu ofisi ilikuwa inawapangia ziara. Basi la shule, asubuhi Makumbusho ya Taifa, mchana Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, jioni vinyago vya Mwenge. Sehemu hizo zote nazipenda, na mtu akienda mwenyewe kwa wakati wake atafaidi. Ila mtu aliyeshinda wiki nzima anahesabu watoto na kufuata ratiba, ukimpandisha basi la shule lenye ratiba nyingine na mtu mwenye orodha mkononi anayeita majina, hujampumzisha. Viti vikaanza kubaki wazi, na wageni wakawa wanashinda ndani na kompyuta zao, pazia limefungwa. Ofisi ikahitimisha kwamba wanaogopa jiji.

Hawakuwa wanaogopa. Jumamosi moja nilitembea na mwalimu wetu kutoka Wales, tunakwenda sokoni kununua nyanya na mchele. Kituoni konda akamwambia, mwalimu, nifundishe Kiingereza. Muuza vocha akamwita, akataka amsahihishie matamshi. Dada wa saluni akatoka na kitana mkononi kumwomba awe anapita kila jioni, nusu saa tu. Kijana mmoja alitoa kwenye begi barua ya kuomba ufadhili, akaomba isomwe palepale, kando ya mtaro, na ikasomwa. Wote walikuwa na adabu, na wote walikuwa na haki ya kutaka kujifunza. Yeye aliwajibu wote kwa tabasamu. Tuliporudi aliweka mfuko wa nyanya mezani, akaketi bila kuvua viatu, akasema kesho hatatoka. Alikuwa amefundisha kutoka kituoni hadi sokoni na kurudi, bila daftari na bila mshahara.

Ndiyo maana wengi wao hukimbilia maduka na mikahawa ya Slipway, klabu za ufukweni na ukumbi wa maigizo wa Little Theatre. Kule hakuna anayewaomba somo. Siwalaumu hata kidogo, ila bei za kule zinakula mshahara upesi, halafu wakikutana wenyewe kwa wenyewe wanazungumzia shule hadi usiku wa manane: mitihani, mkuu wa idara, vibali. Hapo nako mtu anarudi nyumbani amechoka.

Mwalimu mmoja wa kutoka Ireland alikuwa amefundisha Seoul kabla ya kuja kwetu. Alinieleza kwamba kule, wikendi ikifika, alikuwa anapanda treni ya mjini na kwenda kupanda milima ya Bukhansan, hifadhi ya taifa iliyo ukingoni mwa jiji lenyewe. Njiani wazee wa Kikorea walimpa vipande vya matunda na kumwonyesha pa kukanyaga, basi. Hakuna aliyemuuliza kitenzi. Halafu viza aliyokuwa nayo haikumruhusu kufundisha pembeni bila idhini, kwa hiyo hata aliyetaka somo la faragha alijibiwa kwa sheria. Nilipomsikia nikapata pa kuanzia. Hapa kwetu pia kibali cha kazi cha mgeni kimefungwa na mwajiri wake, chini ya sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015, kwa hiyo wanaowapangia wageni masomo ya jioni “ya kujiliwaza” wajue wanawaingiza kwenye matatizo. Ila sheria humzuia mtu asilipwe, haimpatii raha. Raha aliipata mlimani, mahali ambapo yeye hakuwa mwalimu wa mtu yeyote.

Basi nikaanza kutafuta sehemu ambazo mgeni hajui kitu na mwenyeji anajua mno, tena ana shughuli zake, hana muda wa Kiingereza. Juu ya hapo nikaongeza jambo ambalo naona fahari nalo mpaka leo: mgeni simpeleki kwa rika lake. Namkabidhi kwa mkubwa.

Huyu wa Ireland nilimpeleka kwenye kijiwe cha bao Magomeni, chini ya mwarobaini, kwa mzee mmoja aliyestaafu reli. Nilitangulia peke yangu siku moja kabla. Nikaamkia, nikakaa, nikanunua kahawa ya wote, nikasubiri mchezo uliokuwa unaendelea uishe, maana huwezi kumkatiza mzee aliyeshika kete. Kisha nikamwambia, “Mzee, nina kijana wangu, mgeni. Naomba awe mwanafunzi wako.” Akaniuliza, “Anajua nini?” Nikamjibu, “Hajui kitu.” Akasema, “Huyo mlete.”

Sikutaja kabisa kwamba ni mwalimu wa Kiingereza. Kesho yake nilimtambulisha kwa maneno yaleyale, mwanafunzi wa mzee, na kuanzia siku hiyo kijiwe kizima kikamwita hivyo. Angalieni kilichotokea. Vijana ambao barabarani wangemzonga kwa maswali walisimama nyuma kimya, kwa sababu nani atamkatiza mwanafunzi wa mzee mbele ya mzee mwenyewe? Kijana mmoja alijaribu kuanza na salamu za Kiingereza. Mzee hakuinua hata kichwa. Alisema tu, “Huyu yuko darasani,” na kijana akarudi kwenye bodaboda yake.

Bao la Kiswahili si mchezo wa kujifunza kwa kuangalia. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana zake 32. Unaanza na sita kwenye nyumba, yaani shimo lako kuu, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 zinabaki mkononi za kunamulia, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Mwanafunzi wetu alianza kuhesabu kwa kidole, akigusa shimo moja baada ya jingine. Mzee akamshika kile kidole, akakikunja taratibu, akakirudisha kwenye ngumi. “Macho ndiyo yanahesabu.” Kisha akamwekea kete kiganjani, akauongoza mkono wake juu ya ubao, kete zikidondoka moja moja, tak, tak, tak, mpaka ya mwisho ikaangukia kwenye shimo lenye kete, na mbele yake upande wa pili kuna mali. Wote wakapiga kelele kabla yeye hajajua kwamba amekula.

Alirudi Jumamosi iliyofuata bila mimi kumkumbusha. Ikawa kila Jumamosi. Nambari za Kiswahili zilimkaa kichwani haraka kuliko darasani kwangu, hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Akaanza kuelewa kwa nini mtu hung’ang’ania nyumba yake na wakati gani inabidi aivunje, namna ya kuchagua kichwa, shimo la pembeni la kuanzia, na hatari ya kuingia kwenye mtaji, hatua ya pili ya mchezo, ukiwa na kete chache mbele. Siku alipomfunga kijana aliyezaliwa palepale Magomeni, mzee alijifanya hajaona, akaagiza kahawa. Gharama zake zote zilikuwa hizo: kahawa na kashata, na nauli ya mwendokasi mpaka Magomeni.

Mwalimu wa Kanada alikuwa na njia nyingine. Amepiga piano tangu utotoni na anasoma nota za mistari kama gazeti, na watu walitaka awafundishe watoto wao muziki, yaani kazi juu ya kazi. Nikamkabidhi kwa mwalimu wa kwaya kwenye usharika wetu wa Kilutheri. Kwaya zetu nyingi husoma kwa do, re, mi, herufi zikipangwa kwenye ubao na nukta mbili katikati, na yeye hakuwahi kuziimba hivyo. Akawekwa sauti ya pili, katikati ya kina mama wawili wenye mapafu mazito, akaambiwa afuate. Mazoezi ni jioni za katikati ya wiki na Jumamosi, na mwalimu wa kwaya hana mchezo na wachelewaji. Wiki za mwanzo alikuwa anaandika herufi zile kwenye mkono. Baadaye akapimwa sare kwa fundi, kitenge cha bluu, na alipolipia mchango wake kama wanakwaya wengine, kina mama wakaacha kumwita mgeni wakaanza kumkemea akisahau kibwagizo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba kukemewa kule ndiko kulikompumzisha.

Yule wa Wales nilimpa shangazi yangu, ambaye ana meza ya samaki wa kukaanga Kigamboni na hununua soko la samaki la Feri alfajiri. Alfajiri ya kweli, si saa tatu. Shangazi hakumpeleka kuangalia soko, alimpa ndoo abebe. Walipofika kwenye mnada wa changu, dalali anapandisha bei kwa kasi, shangazi alifunua shavu la samaki mmoja kwa kidole gumba, akamwonyesha wekundu wa ndani, akasogea meza ya pili, akafunua mwingine mwenye rangi ya kahawia, akanyanyua mdomo tu. Somo likaisha. Safari ya tatu au ya nne hivi akamwachia achague mwenyewe. Wakivuka na kivuko nauli ni shilingi mia mbili, na pale juu, katikati ya ndoo na pikipiki, hakuna aliyemwomba matamshi, kwa sababu aliyekaa pembeni yake ni shangazi, na shangazi akiwa na samaki juani hapendi kucheleweshwa na mtu.

Mpira ni rahisi zaidi. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, na siku ya Simba na Yanga mgeni yeyote ni mwanafunzi. Ninachosisitiza ni achague timu kabla ya kuvuka geti na akae na watu wa timu yake, huku mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, na jirani yangu mmoja mwenye kadi ya Yanga tangu ujana wake. Viti vya gharama havina maana hapo. Simu ikae mfuko wa mbele.

Visiwa wanavimaliza wenyewe. Bongoyo na Mbudya viko ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1975, boti za Mbudya ziko upande wa Kunduchi, na huhitaji mtu wa kukupangia zaidi ya kukuambia uulize maji yanajaa saa ngapi. Coco Beach Jumapili jioni, mihogo na chachandu, sawa, ila atasimamishwa kila hatua, kwa hiyo aende akiwa na nguvu. Zanzibar wataiona tu, haijawahi kumkosa mtu. Na msianzishe jambo lolote jipya la nje mwezi wa nne, masika yakikolea Jangwani inajaa maji na mgeni atakata tamaa kabla hajaonja.

Kuna waliosema namficha mgeni, nawanyima vijana nafasi ya kujifunza. Vijana wanaotaka Kiingereza nimewaambia wazi: ndani ya shule tuna saa moja Jumatano, mgeni yuko kazini, leteni barua zenu na maswali yenu. Na wanakuja, yule wa barua ya ufadhili akiwa wa kwanza. Jumamosi si yao. Mwalimu anayefundisha siku saba mfululizo hamalizi mkataba, na anayeumia ni mtoto wa darasa la nne aliyebaki bila mwalimu mwezi wa tano.

Mwaka jana kwaya ilialikwa Morogoro, wakaenda na SGR, treni ya umeme, kama shilingi elfu kumi na tatu kwenda, na mwalimu wa Kanada akiwa ndani ya sare yake. Huyo aliongeza mkataba. Wa Ireland naye ameongeza, ingawa ofisi inadhani ni kwa sababu ya nyumba mpya waliyompa.

Bajeti ya basi la ziara sasa imefutwa. Niliomba fedha ile inunue N-Card, kadi ya kulipia, kwa kila mgeni anayefika, kwa ajili ya kivuko na uwanjani, na ilipie nauli za mwezi wa kwanza na sare kwa atakayeingia kwaya. Kadi na nauli wamekubali. Sare bado tunabishana, na Ijumaa nina kikao nao.