Daftari la Mzee wa Leipzig

Nilianza kwa kushika injini. Binamu yangu bado anasalimiana na mwenye pikipiki kwa Kijerumani, mimi nimeshainama, kiganja kiko kwenye silinda. Ilikuwa ya baridi kabisa, moyo wangu ukatulia. Muuzaji ambaye pikipiki yake inasumbua kuwaka asubuhi huiwasha mapema ili ukifika uikute imeshapata moto. Hilo nilifundishwa gereji huko Moshi nikiwa kijana.

Ilikuwa Honda Transalp ya cc 650, ya mwaka 2004, imetembea kilomita 41,380. Ndiyo niliyokuwa naitafuta. Inatumia kabureta na cheni, vitu ambavyo fundi wa kwetu anavimudu. Mpango wangu ulikuwa kuzunguka nayo Ulaya kwa wiki sita, kisha niipakie melini Hamburg ije Dar es Salaam. Kwa hiyo nilikuwa nachagua pikipiki ya kupanda nayo milima ya Alps na ya kuishi nayo nyumbani miaka mingi baadaye.

Nilimwomba mzee ruhusa ya kuikagua taratibu. Akavuta kiti, akakaa. Nikaiweka kwenye stendi kubwa, binamu akakandamiza nyuma mpaka gurudumu la mbele likainuka, nikageuza usukani polepole kulia na kushoto. Usukani ukinasa pale katikati, kama umeingia kwenye kijishimo, bearingi za shingo zimekwisha. Haukunasa. Nikapitisha kidole kwenye shokapu za mbele, kikatoka kikavu. Tairi la nyuma lilionekana halijalika, lakini ubavuni lilikuwa na tarakimu nne, 2314, yaani limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo umeshakakamaa, na kwenye lami yenye maji hauna mshiko. Nikaomba apunguze bei kwa ajili ya tairi hilo tu. Alikubali bila kubishana, tukamalizana kwa euro 1,900.

Kisha karatasi. Kwetu pikipiki ina kadi moja. Ujerumani ziko mbili. Moja unatembea nayo barabarani, nyingine unaitunza kabatini, na hiyo ya kabatini ndiyo inayohitajika pikipiki inapobadilisha mikono. Usitoe hela kabla hujazishika zote mbili. Tulisoma namba ya chasisi kwenye karatasi, tukamulika tochi shingoni mwa fremu tukailinganisha herufi kwa herufi. Nikaangalia pia stika ya duara ya ukaguzi iliyo kwenye kibao cha nyuma. Tarakimu ya katikati ni mwaka, na ile iliyokaa juu kabisa ni mwezi ambao ukaguzi unakwisha. Ulibaki zaidi ya mwaka mzima.

Tulipokuwa tunaaga, mzee aliingia ndani akarudi na daftari dogo la jalada la buluu. Aliinunua pikipiki hiyo mwaka 2006, na tangu hapo kila alipomwaga oili, kila plagi, kila pedi ya breki, ameandika tarehe na kilomita kwa mwandiko uleule uliosimama wima.

"Kaka, huyu mzee hajaruka hata oili moja," binamu akasema huku akifunua kurasa.

Kulikuwa na maneno yaliyorudi karibu kila kiangazi, Stilfser Joch, na mwaka pembeni. Mzee aliyagusa kwa kidole, akasema kitu kifupi.

"Anasema magoti hayamruhusu tena," binamu akatafsiri.

Mgeni asiye na makazi Ujerumani anaweza kupata namba za kusafirisha chombo nje ya nchi. Unakata bima kwanza, kisha unakwenda ofisi ya usajili na karatasi zote mbili, pasipoti, na mwenyeji atakayepokea barua zako. Binamu alisaini kwa ajili hiyo. Kibao chake kina utepe mwekundu upande wa kulia, na ndani ya utepe imeandikwa tarehe ya mwisho. Siku hiyo ikipita, huruhusiwi tena kuingia nayo barabarani. Nilichukua za miezi miwili, na kila asubuhi nilipofunga mizigo nyuma, ile tarehe nyekundu ilikuwa ndicho kitu cha kwanza kukiona.

Nilipenda kwamba safari inaanzia Leipzig. Mimi ni mtu wa Marangu, na Hans Meyer, aliyefika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889, alikuwa na makazi yake katika mji huu. Mwenzake Ludwig Purtscheller alizaliwa Innsbruck, na huko ndiko nilikolala usiku wa pili. Sisi nyumbani jina tunalolitaja kwanza ni la Yohani Kinyala Lauwo, aliyewaongoza. Nilisimama kwenye daraja la mto Inn jioni, milima imeuzunguka mji pande zote, nikamfikiria yeye zaidi.

Kesho yake nilivuka njia ya mlimani ya Reschen nikaingia Italia. Pale kuna ziwa, na katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa peke yake. Kijiji kilichokuwa chini yake kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Sikukaa sana. Mawingu yalikuwa yanashuka, na mbele yangu kulikuwa na barabara ya mlimani ya Stelvio.

Barabara hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825, na kutoka kijiji cha Prato ina kona 48 za kujikunja, kila moja imeandikwa namba. Zinahesabiwa kwa kurudi nyuma: unaanza na 48 bondeni, unamaliza na 1 juu. Nimeendesha Soni hadi Lushoto mara nyingi nikadhani najua kona. Hapa unaingia gia ya kwanza, unageuza kichwa mpaka kidevu kinagusa bega, unaangalia unakokwenda, na pikipiki inafuata macho. Ukiangalia ukingo wa mawe, utaufuata huo. Kufika kona ya ishirini na kitu mikono ilikuwa inatetemeka, nikasimama, nikanywa maji, nikaendelea.

Juu ni mita 2,757. Kwetu ungekuwa umeipita kidogo kambi ya Mandara, na ungekuwa umefika kwa miguu kupitia msituni. Nilizima injini mbele ya kibao cha njia. Sehemu ile ya Italia watu wanazungumza Kijerumani pia, kwa hiyo jina limeandikwa kwa lugha mbili, na chini ya Passo dello Stelvio nikasoma: Stilfser Joch. Nilitoa daftari, nikakaa juu ya ukuta wa mawe, nikahesabu. Mzee alikuwa amepanda hapa na pikipiki hii mara kumi na moja. Nikapiga picha ya pikipiki na kibao, nikamtumia binamu ampelekee.

Slovenia nilivuka njia nyingine ya mlimani, Vršič, mita 1,611, kona 50. Upande wa mji wa Kranjska Gora kona zimetandazwa mawe, yanayoteleza mvua ikinyesha, na ilikuwa inanyesha. Kwenye kona ya nane kuna kanisa dogo la mbao. Njia ile ilijengwa na mateka wa Kirusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Machi 1916 theluji iliporomoka ikafukia baadhi yao. Mwezi uleule Waingereza waliingia Moshi, na vijana wetu walikuwa wanabebeshwa mizigo ya vita ile ile. Kariakoo imepata jina lake kwa wapagazi hao. Nilikaa kanisani mpaka mvua ikapungua.

Pwani ya Kroatia, kusini ya Senj, chaji iligoma. Taa ilififia, nikapima betri: volti 12.1 injini ikiwa inazunguka, wakati inatakiwa ikaribie 14. Nikafungua daftari, nikakuta regulata, kifaa kinachodhibiti chaji, ilibadilishwa mwaka 2011. Nikazima kila nilichoweza kuzima, nikafika Zadar jua linazama, na fundi mmoja akanifungia mpya asubuhi yake.

Nilifika Hamburg siku nne kabla ya tarehe nyekundu. Nilimwaga petroli, nikatoa waya wa betri, nikasaidia kukaza mikanda kwenye kreti. Kisha nikachukua kalamu, na chini ya mwandiko wa mzee nikaandika kwa Kiswahili: regulata mpya, Zadar. Tairi la nyuma jipya, Leipzig. Oili, Hamburg, kilomita 46,912.