Pandikizo la gegedu gotini, na milimita moja inayoharibu kazi

Gegedu linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti lina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, na halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ndiyo maana likimeguka uwanjani mchezaji huenda asihisi jeraha lenyewe. Anachohisi ni mfupa wa chini yake ukigandamizwa, au goti kujaa maji kesho yake. Na kwa kuwa damu haifiki pale, halijitibu. Shimo la ukubwa wa ukucha wa dole gumba hubaki shimo na kingo zake huendelea kumomonyoka.

Wengi huanza kwa kuuliza gegedu jipya litatoka wapi, ilhali ingefaa waulize kwanza la zamani liliharibikaje. Mwenye matege huelemeza uzito upande wa ndani wa goti. Ukimpandikizia bila kunyoosha mfupa, kiraka kipya kitasagwa kama kilivyosagwa cha kwanza. Ni hivyohivyo kwa kano ya ndani ya goti iliyokatika na haijarekebishwa, au meniski, kile kito laini kilicho katikati ya mifupa ya goti, iliyokwisha kuondolewa. Haya hurekebishwa kabla ya pandikizo au siku ileile. Kwa hiyo picha ya MRI, inayoonyesha gegedu na kano, peke yake haitoshi. Inahitajika pia eksirei ndefu ya miguu yote miwili, nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama. Goti lililosagika kote, mifupa yote miwili ikitazamana mitupu, si la pandikizo.

Shimo dogo, la sentimita 2 za mraba au pungufu, mara nyingi huzibwa kwa vizibo vya mgonjwa mwenyewe. Mpasuaji huchukua bomba lenye makali na kung'oa kizibo cha gegedu pamoja na mfupa wake, kipenyo milimita 6 hadi 10, kina 10 hadi 15, kutoka pembeni mwa fupa la paja pasipobeba uzito mwingi. Kwenye jeraha hutobolewa tundu la kina hichohicho, kizibo kikasukumwa taratibu. Kazi huharibikia hapa. Bomba likishikwa mshazari, ukingo mmoja wa kizibo hutokeza juu. Milimita moja tu ya kutokeza inatosha kukibebesha mzigo wa eneo zima na kukwaruza upande wa pili, hivyo ni afadhali kizame kidogo kuliko kitokeze. Kukigonga kwa nyundo kwa nguvu nako huua chembe hai za juu. Na vikichukuliwa vingi, pale vilipotolewa pataanza kuuma pia.

Shimo likiwa kubwa, au mfupa wa chini nao umeoza, hutumika kipande cha gegedu na mfupa wake kutoka kwa mtu aliyefariki, kilicholinganishwa na goti la mgonjwa kwa vipimo vya picha. Hutunzwa baridini, karibu nyuzi 4 za Selsiasi, wala hakigandishwi, maana barafu huua chembe. Kupima maambukizi huchukua kama wiki mbili, na chembe hupungua kadiri siku zinavyokwenda, hivyo madaktari hujitahidi kukitumia ndani ya siku 28. Mgonjwa aliye kwenye foleni anaweza kupigiwa simu na kutakiwa hospitalini baada ya siku chache tu. Dawa za kuzuia mwili usikikatae kwa kawaida hazihitajiki kwa sababu gegedu halina damu. Mfupa ndio wenye uboho wa mtu mwingine, kwa hiyo huachwa mwembamba na kusafishwa kwa maji ya chumvi yenye msukumo.

Njia ya tatu ni ya kuotesha chembe za gegedu la mgonjwa mwenyewe. Njia hii, iliyoelezwa na madaktari wa Uswidi mwaka 1994, huhitaji upasuaji mara mbili. Kwanza, kwa kamera, hukatwa kipande cha gegedu cha miligramu 200 hadi 300. Chembe huoteshwa maabara kwa wiki kadhaa. Zamani zilidungwa chini ya ngozi ya mfupa iliyoshonewa juu ya shimo, na ngozi hiyo mara nyingi ilinenepa mpaka ikabidi kupunguzwa. Siku hizi hupandwa kwenye utando wa kolajeni, protini ya mwilini, ukakatwa kwa umbo la shimo na kubandikwa kwa gundi ya fibrini, protini inayogandisha damu. Kingo za shimo lazima zisimame wima kwenye gegedu zima, na sakafu isitoke damu. Damu ikivuja huleta gegedu la nyuzinyuzi, la kovu, lisilostahimili kama la asili.

Kisha huanza miezi ya kungoja. Kwa wiki 6 hivi mgonjwa hutembelea magongo, mguu ukigusa chini tu, huku goti likikunjwa na kukunjuliwa, mara nyingi kwa mashine, kwa saa 6 hadi 8 kwa siku. Mwendo huo ndio unaolisha gegedu, kwa kuwa hupata chakula chake kutoka kwenye maji ya kiungo. Jeraha la nyuma ya kifuniko cha goti lina masharti yake: kusimama huruhusiwa mapema mguu ukiwa umenyooshwa kwa kifaa, ila kukunja hupunguzwa. Goti lisiloweza kukunjwa hadi nyuzi 90 kufikia wiki ya 6 limeanza kukakamaa, na daktari aambiwe mara moja. Vivyo hivyo homa, au shavu la mguu kuvimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Mwezi wa nne ndio wa hatari zaidi. Goti haliumi, mchezaji anajiona amepona, anarudi uwanjani. Lakini kiraka kile hakina mishipa ya fahamu, kwa hiyo kutouma hakuthibitishi kitu, na kilichooteshwa kwa chembe bado ni laini. Kukimbia huanza karibu mwezi wa 6 kwa vizibo, na kati ya wa 9 na wa 12 kwa chembe. Michezo ya kugeuka ghafla huchelewa zaidi. Kipimo cha kila siku ni asubuhi inayofuata mazoezi. Goti likiamka limevimba, mzigo wa jana ulizidi. Rudi kwenye mazoezi ya hatua iliyotangulia mpaka uvimbe uishe.