Nyota moja kwa sababu bahari haikuwepo

Nina vyumba vichache na jiko hapa Bagamoyo, wageni wangu wengi ni watu wa wikiendi kutoka Dar, wanatoka asubuhi wanapita Bunju, Mapinga, saa nne saa tano wameshafika, wana njaa na watoto wanalilia kuogelea. Ukiwa na biashara ya namna hii siku hizi huna ujanja, mtu kabla hajakupigia simu kashaingia Google kaangalia nyota, tena anaanza na zile mbaya. Na mimi nikienda Tanga nafanya hivyohivyo, sifa siziamini sana, naenda moja kwa moja kwa waliokasirika.

Sasa kuna dada mmoja alituandikia hivi: "Bichi hakuna. Tumekuta matope tu, bahari iko huko mbali. Picha zao uongo mtupu. Chakula kizuri lakini." Nyota moja! Yaani chakula kakikubali, chumba hajakisema, kesi yetu ni kwamba bahari iliondoka. Vijana wa jikoni walicheka mpaka basi, mmoja keshashika simu anataka kumjibu "kwani bahari tunaifunga sisi?" Nikamwambia thubutu.

Mtu wa Dodoma atajuaje kupwa na kujaa? Na hao wa Dar wenyewe wengi bahari wanaiona wakipita daraja la Tanzanite wako ndani ya gari. Pwani yetu imelala, tofauti ya maji makubwa na madogo wakati wa bamvua inapita mita 3, kwa hiyo yakikupwa yanakupwa kweli, unatembea unatembea hujafika magotini. Na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku yanakupwa mida ya saa nne au saa tano asubuhi, yaani muda uleule mgeni anashusha mabegi, halafu yanajaa saa kumi jioni wakati wageni wa siku moja wanaanza kuulizana nani anaendesha kurudi.

Nikamjibu hivi: "Dada habari, poleni sana kwa kukuta maji yamekupwa. Siku ile ilikuwa bamvua, maji yalirudi saa kumi jioni na hapo ndipo tunapoogelea. Mkipanga kuja tena tupigieni tuwaambie maji yanajaa saa ngapi. Asante kwa kukisifu chakula." Basi. Hajarudi kujibu na nyota yake moja ipo mpaka leo, lakini simu zilibadilika, watu wakawa wanauliza "Jumamosi maji yanajaa saa ngapi?" na mtu anayeuliza swali hilo ujue kasoma pale na anakuja.

Ndiyo maana nasema jibu likiwa la kujitetea ni bando umepoteza bure, weka ndani yake kitu ambacho anayesoma Alhamisi usiku akiwa anaamua aende wapi atakitumia. Analalamika samaki kachelewa? Pole kwanza, halafu sema samaki wetu anachomwa kwenye mkaa baada ya kuagizwa, ukipiga simu ukiwa Bunju unafika anageuzwa upande wa pili. Analalamika adhana ya alfajiri imemwamsha? Sema msikiti upo karibu, vyumba vya nyuma vina utulivu zaidi, aombe hivyo akiweka nafasi. Wa bei namshukuru tu, bei siibishani na mtu hadharani.

Mfanyabiashara mwenzangu mmoja, simtaji, yeye alimjibu mgeni kwa kumwanika, kwamba wewe ulikuja na fulani, mkalala chumba fulani, na namba ya simu akaibandika. Kha! Mbali na aibu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jina na namba ya mgeni ulipewa kwa ajili ya kitabu cha wageni, hukupewa kwa ajili ya ugomvi. Mimi hata kama namjua aliyeandika, namwita dada au kaka, jina la chumba silitaji, na nikiwa na hasira siandiki mpaka nimelala nikaamka.

Kuna na ile ya kuwaita mashemeji na wafanyakazi usiku mmoja waje waweke nyota tano tano "hoteli nzuri sana" mara kumi. Google wanakataza, mfanyakazi kujisifia kazini kwake hairuhusiwi, na kumpa mgeni soda ya bure ili akuandikie vizuri hairuhusiwi vilevile, TripAdvisor, ule mtandao wa maoni ya wasafiri, nao hivyohivyo. Hata wasingekataza, msomaji siyo mtoto, anaona maoni yote yameandikwa usiku mmoja, tena na watu ambao hawajawahi kuandika kitu kingine.

Ya uongo kabisa ni habari nyingine. Tuliwahi kupewa nyota moja na mtu anayelalamikia bwawa la kuogelea, na sisi bwawa hatuna, kakosea hoteli. Hiyo unabonyeza kuripoti, unachagua sababu, wanaipitia. Ila usidhani wanafuta kwa sababu imekuuma, wanafuta iliyovunja masharti yao, kama matusi, mambo ya kughushi, au isiyohusiana na sehemu yako. Wakati nasubiri niliandika chini yake kwa upole kwamba kaka sisi hatuna bwawa, huenda umetuchanganya na jirani, maana huwezi kujua watachukua muda gani na watu wanaendelea kusoma.

Video za TikTok ndizo zinanishinda. Pale hakuna sehemu ya jibu la mwenye biashara, unakomenti kama mtu mwingine yeyote na komenti yako inazama chini ya vicheko, kwa hiyo hapo namtumia mhusika meseji pembeni, nampa namba yangu, naomba tuongee. Wengine wanapiga, wengine wanaipiga skrinshoti meseji yenyewe wanaiposti.