Maboksi 12

Wiki tatu sijaandika kitu humu. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nalo moja, na hilo moja ndilo sikutaka kuliona kwa mwandiko wangu mwenyewe. Leo nimeamka kichwa chepesi, nikasema bora nilitoe sasa hivi kabla sijaanza kulipamba.

Ilikuwa Jumatatu. Kazi yangu ni stoo. Mzigo ukija nahesabu, nalinganisha na karatasi aliyokuja nayo dereva, nasaini, naendelea na mengine. Siku ile karatasi ilisema maboksi 60. Nilihesabu nikapata 48. Nikarudia, 48. Dereva akasema 12 yamebaki kwao, yataletwa. Nikashika kalamu niandike 48, na hapo bosi akaja akasimama nyuma ya bega langu, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba umpishe apite: "Andika 60 tu. Yatafika. Tukiandika 48 hesabu za mwezi hazitafunga."

Nikaandika 60. Nikasaini.

Hakunitisha. Hakurudia hata mara ya pili. Kama angepiga meza, kama angetaja kunifukuza, leo ningekuwa na cha kujitetea. Lakini yote yalikwisha katika muda wa kufunga kifuniko cha kalamu, naye akaondoka akiongea na simu.

Nilipokuwa kijana, kwenye kikundi cha vijana cha kanisani, tulipenda sana kuulizana: ukishikiwa bunduki uambiwe umkane Yesu, utafanyaje? Kila mmoja alijibu kishujaa. Mimi nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, nakumbuka, maana kulikuwa na binti fulani nilitaka asikie. Miaka yote hiyo nimekaa nikimngoja mtu mwenye bunduki. Hakuna aliyewahi kuniuliza: na bosi wako akisimama nyuma yako mwisho wa mwezi, utafanyaje?

Usiku ule nilipiga magoti kama kawaida. Maneno yalikuja yale yale niliyoyazoea, ila nilijiona kama mtu aliyefungua barua isiyo yake akaanza kuisoma kwa sauti. Jumanne nikafupisha. Jumatano niliombea kitandani, nimelala, nikapitiwa na usingizi kabla ya amina. Alhamisi sikuomba kabisa. Nilijiambia nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka.

Kanisani mtu akianza kupotea potea tunasema amepoa. Nasi hudhani amepatwa na maswali mazito: kwa nini Mungu anaruhusu mateso, kwa nini maombi fulani hayajibiwi. Wapo wanaopoa kwa njia hiyo, na ninawaheshimu. Mimi sikuwa na swali hata moja. Niliamini kila kitu nilichokuwa nikiamini Jumapili yake. Hapo ndipo palipokuwa na shida yangu, kwamba niliamini Mungu yupo kila mahali, na stoo ni mahali.

Halafu, Alhamisi hiyo hiyo, maboksi 12 yakafika. Kamili. Bosi alipita akanigonga begani, "Si umeona?" Nikacheka naye. Nilifurahi mno, nikajisikia kama deni limelipwa na mtu mwingine. Karatasi sasa ilikuwa ya kweli. Ilitangulia tu siku tatu. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nikasema leo nitaomba vizuri. Nikapiga magoti, na pale kitandani hapakuwa na lolote la kusema, nikajiambia nimechoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimejidanganya kwamba kinachonisumbua ni maboksi.

Nilifungua Biblia kwa mtu niliyedhani atanielewa, Petro. Kisa chake cha kumkana Yesu mara tatu kimo katika Injili zote nne, jambo linalonishangaza kidogo, maana kanisa changa lingeweza kumstiri mzee wake. Nimekisikia tangu utotoni, na kila mara macho yangu yalikwenda kwa jogoo. Safari hii yalikwenda mlangoni. Katika Yohana 18, wa kwanza kumuuliza Petro si askari wala kuhani. Ni kijakazi anayengoja mlango.

Saa chache kabla ya hapo, Petro huyo huyo alichomoa upanga mbele ya kikosi chenye silaha akamkata Malko sikio. Hakuwa mwoga. Naamini alipomwambia Bwana kwamba yuko tayari kufa naye, alimaanisha, na kule bustanini alithibitisha. Alikuwa amejiandaa kwa askari, na askari walipokuja hawakumshinda. Aliyemshinda ni msichana aliyetaka kujua anamfungulia nani. Kulikuwa na baridi, alitaka kuingia, alitaka kuota moto na wenzake bila maneno mengi. "Si mimi," akasema. Nadhani naye hakuona kama amesema jambo kubwa. Alikuwa anapita mlangoni tu.

Kuna kitu kingine katika Yohana ambacho mwalimu wetu wa mafunzo ya Biblia alituonyesha zamani nikakisahau. Moto aliokuwa akiuota Petro ulikuwa moto wa makaa. Neno hilo la Kigiriki linatokea mara mbili tu katika Agano Jipya lote: hapo 18:18, na katika 21:9, pale wanafunzi wanapotoka ziwani na kumkuta Yesu aliyefufuka amewawekea moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Kwa hiyo Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda, akinusa harufu ile ile. Sijui kama Yohana alikusudia tuone hivyo, ila mimi siwezi tena kutokuona. Na kwanza walikula. Maswali yalikuja baada ya chakula.

Lakini mstari ulionikalisha chini ni wa Luka 22:32. Yesu anamwambia Petro mapema, kabla ya yote: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Neno kutindika siku hizi hulisikii sana. Ni kupungukiwa, kama akiba inavyopungua hadi ikaisha ghalani. Nililikazia macho muda mrefu. Hakumwombea asianguke. Alijua ataanguka, na mstari wa 34 unamwambia hata saa yake. Alichoomba ni kwamba baada ya kuanguka kibaki kitu ghalani. Tena anaendelea, "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Hakusema ukiongoka. Alisema utakapoongoka.

Nililia kidogo. Siyo sana. Nikalala.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, nilikumbuka jambo nililowahi kusoma katika historia ya kanisa, nikalitafuta tena kwa simu hadi mapumziko yakapita. Mwaka 250 kaisari wa Rumi aliyeitwa Decius aliamuru kila mtu katika dola atoe sadaka kwa miungu mbele ya kamati ya wakaguzi. Wayahudi peke yao waliachwa. Ukishatoa, unapewa hati. Zaidi ya 40 zimepatikana Misri, zimetunzwa na mchanga mkavu, na zote zinafanana kama fomu za ofisini: mimi fulani, siku zote nimetoa sadaka kwa miungu, na sasa mbele yenu nimemwaga kinywaji, nimetoa sadaka, nimeonja, naomba mnithibitishie. Chini, saini za mashahidi. Mojawapo ni ya mwanamke aliyekuwa kuhani wa mungu wa mamba! Hata yeye alitakiwa kuwa na karatasi.

Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine walikataa, wakafungwa, wakauawa. Na walikuwepo wa kundi la tatu, ambao hawakugusa madhabahu hata kidogo. Walitoa hongo, wakapata hati inayosema wametoa sadaka. Walirudi nyumbani mikono safi, karatasi mfukoni. Hao ndio ndugu zangu. Nilisoma habari zao nimesimama katikati ya maboksi, nikahisi masikio yanawaka moto.

Mateso yalipopoa, watu hao walianza kubisha hodi kanisani, na kanisa likagawanyika juu yao. Huko Rumi, padri mmoja aitwaye Novatian akasema waliokana hawawezi kurudishwa na kanisa. Hukumu yao abaki nayo Mungu. Huko Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, askofu alikuwa Cyprian, ambaye mwenyewe mateso yalipoanza alijificha, na wapo waliomsema vibaya kwa hilo. Mwaka 251 maaskofu walikutana Karthago wakaamua kwamba mlango haufungwi. Wenye hati za kununua wapokewe, kila mmoja kesi yake ichunguzwe. Waliotoa sadaka kabisa waendelee na toba ya muda mrefu, na mauti yakiwakaribia wasinyimwe amani. Si kwamba Cyprian alisema hati ni karatasi tu. Alisema ni dhambi, toba iwe ya kweli, kisha rudi. Nampenda zaidi kwa sababu ya kule kujificha kwake. Mateso mengine yalipokuja hakujificha, akakatwa kichwa mwaka 258. Kati ya kukimbia kwake na kufa kwake kuna miaka minane ambayo kazi yake kubwa ilikuwa barua, vikao, magomvi ya wakristo wenyewe, na kusikiliza watu wenye aibu.

Hiyo miaka minane inanifikirisha kuliko kifo chake. Waebrania 10:36 inasema tunahitaji saburi, na wanaojua Kigiriki hutuambia neno lililotumika pale lina maana ya kubaki chini ya kitu, chini ya mzigo. Sisi wabeba mizigo tunaelewa. Kunyanyua boksi moja mbele ya watu ni rahisi. Shida ni saa kumi jioni, mgongo umekufa, na lori lingine linarudi nyuma getini.

Jumapili mama anayesimamia zamu za maombi alinijia kabla ya ibada. "Mwanangu, leo utatuongoza kwenye maombi ya shukrani."

"Mama, leo naomba unisamehe."

Nilitamani aniulize kwa nini. Nilikuwa tayari kumwambia yote. Akasema tu, "Haya, wiki ijayo basi," akaandika jina langu kwenye daftari lake akaenda kumtafuta mwingine. Nilikaa viti vya nyuma, nikaomba mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Yalikuwa maneno manane au tisa. Niliandika 60, Bwana. Yalikuwa 48. Nisamehe.

Jumatatu nilimfuata bosi. Nisijifanye shujaa: nilifanya mazoezi chooni mara mbili, na sauti ilinitetemeka pamoja na mazoezi yote.

"Bosi, samahani, naomba dakika moja. Ile karatasi ya maboksi 60. Nilihesabu 48 nikaandika 60."

"Si yalifika?"

"Yalifika."

"Sasa?"

"Siku nyingine nitaandika nilichohesabu. Kama hesabu za mwezi hazifungi, tuweke maelezo pembeni kwamba mengine yanakuja, nami nitasaini hapo."

Alinitazama kwa muda. Nilitegemea ama ghadhabu ama, nikiri, pongezi kidogo. "Wewe mlokole bwana," akasema, akarudi kwenye simu yake. Sijui ilikuwa dhihaka au kukubali. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na tangu siku hiyo hajanigonga begani tena. Labda ana mambo yake. Usiku nalihesabu hilo kama nilivyokuwa nikihesabu maboksi, nikirudia rudia, na jibu halibadiliki.

Maombi yamerudi, ila si yale ya zamani. Zamani niliomba muda mrefu, kwa ufasaha, na kusema kweli nilijisikiliza. Sasa ni mafupi na yana vituo. Siku nyingine nasahau. Juzi nililala tena kabla ya amina, nikaamka usiku wa manane nikasema amina, nikageukia ukutani nikalala.

Jana lori likaja. Karatasi ilisema 35. Bosi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono mfukoni, ananitazama, au anatazama lori. Moyo ulinidunda. Nilikuwa nimeyaweka maneno yangu tayari mdomoni tangu dereva alipozima injini. Nikahesabu. Mikono ilitoka jasho, nikapoteza hesabu kwenye safu ya tatu, nikaanza upya.

Yalikuwa 35. Nikasaini.