Kitundu cha pili

Ukichukua memori kadi yangu yoyote leo ukaichomeka kwenye kompyuta, utakutana na bahari. Hamna jahazi, hamna machweo, hamna mvuvi. Maji tu ya Raskazone, hapa Tanga, na pengine kisiwa cha Toten kimekatwa nusu, maana hata kamera sikuielekeza vizuri. Kijana anayenibebea taa alipoziona mara ya kwanza alinitazama kwa huruma. "Dada, uko sawa lakini?"

Niko sawa. Ni kazi.

Mimi napiga picha za ndani. Harusi ya Kiislamu hapa Tanga ina upande wa wanaume, wenye akdi na dufu, na huko wapiga picha wamejaa na droni zao juu. Halafu kuna upande wetu. Bi harusi anasuguliwa singo, anachorwa hina na piko, anakaa na kungwi wake akiambiwa anayoambiwa. Usiku ukiingia wanawake wanavua mabaibui na haya wanaiacha mlangoni pamoja na viatu. Simu nazo zinaachwa mlangoni: pana beseni la plastiki kizingitini, na kwenye kiti pembeni yake mama mmoja wa makamo asiyebembelezeka. Mwenye kupita na kamera ni mimi peke yangu.

Masharti yake hayajaandikwa popote lakini kila mtu anayajua. Picha ni za mama wa bi harusi. Shughuli ikiisha nazihamishia kwenye flashi mbele yake, namkabidhi mkononi, kisha nafuta kadi akiona. Sibaki na nakala, siweki hata moja mtandaoni. Siku hizi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nimeisikia ikielezwa redioni kama jambo geni. Akina mama wa Ngamiani walikuwa nayo kabla ya Bunge.

Kwa kuwa sipewi nafasi ya kwenda kuhariri nyumbani, picha inabidi itoke kwenye kamera ikiwa imekamilika. Hapo ndipo jasho linapotoka. Chumba ni kidogo, watu arobaini, moshi wa udi, taa moja. Taa ya kamera ukimmulika mtu usoni anang'aa kama sahani, kwa hiyo naigeuza itazame dari, mwanga urudi chini umetulia. Ila dari ikipakwa rangi ya kijani, nyuso zote zinarudi na ukijani kama watu wanaotaka kutapika, na Tanga watu wanapenda kijani. Nyumba ikiwa haina dari, bati tupu limeungua moshi, mwanga unapotelea huko huko. Siku hizo namwomba mtu asimame na shuka jeupe nimpige mwanga yeye. Mara nyingi anakuwa shangazi mtu, analalamika mkono unamuuma, na bado hakubali kupokewa.

Marehemu baba mdogo alikuwa na studio Ngamiani enzi za mkanda. Picha 36, ukimaliza umemaliza, kisha mkanda unakwenda kusafishwa. Wanawake walijua vizuri kwamba anayesafisha ni mwanamume, na kwamba kila uso utapita mbele ya macho yake ukiwa bado umelowa. Kwa hiyo mpiga picha hakuitwa mkeshani. Aliitwa kesho yake, bi harusi keshapambwa, kaketishwa kitini, macho chini. Ndiyo maana albamu za bibi zetu ziko vile. Walicheza mpaka asubuhi, lakini ukizitazama utadhani walizaliwa wamekaa.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba haitangaziki. Wateja wa leo wanachagua kwa kuona. Wenzangu wanaopiga za nje wanaweka maharusi wao Bustani ya Jamhuri, au wanawapeleka Tongoni kwenye magofu, jioni saa kumi na moja jua likiwa laini, na ukurasa unapendeza. Wangu una mikono yenye piko. Una vikuba vya asumini, una pindo za kanga, una viatu sitini mlangoni. Mwaka juzi nilikwenda kujieleza mbele ya kamati ya harusi moja, mwenyekiti akapitia ukurasa wote taratibu, akarudisha simu. "Dada, watu pia unapiga?" Kazi ile alipewa mwingine. Ninachopata napata kwa mdomo: mama huyu kamwambia yule kwenye hitima, yule kamwambia wifi yake wa Pangani. Na mdomo una msimu wake. Shaabani, kabla ya vunja jungu, sina usiku wa kulala; Ramadhani nashonea watu nguo za Idi; Mfunguo Mosi ukiingia simu inaanza tena.

Sasa bahari.

Kufuta picha si kufuta. Nililijua hilo baada ya kadi yangu moja kuharibika na fundi akanirudishia hata picha za miaka miwili nyuma. Ukibonyeza kufuta, kamera inafuta orodha tu. Ni kama mwenye nyumba aliyekata jina la mpangaji kwenye daftari: jina halipo, mpangaji mwenyewe bado yumo chumbani amelala. Hatoki mpaka aje mpangaji mwingine alalie kitanda kilekile. Toka siku ile, nikimaliza shughuli ya ndani, asubuhi yake nakwenda Raskazone, nakaa ukutani, nabana kidole kwenye kamera mpaka kadi ijae maji. Hakuna mteja aliyeniomba nifanye hivyo. Nalala vizuri tu.

Mwaka jana nikanunua kamera nyingine, mitumba ya Kariakoo, nzuri, imeshikwa kidogo. Muuzaji akaniongezea kadi ya bure, kumbe alikwisha kuichomeka ndani. Kamera yangu ya zamani ilikuwa na kitundu kimoja cha kadi. Hii ina viwili, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameipanga iandike kila picha mara mbili, huku na huku, kama tahadhari. Mimi nikafungua kile kifuniko, nikatia kadi yangu kwenye kitundu cha juu, nikafunga. Cha chini sikukitazama.

Shughuli yangu ya kwanza nayo ilikuwa mkesha mmoja Barabara ya 12. Sijui niuelezeje. Kulikuwa na bibi wa bi harusi, mtu mzima wa kushikwa mkono kwenda msalani, ambaye ngoma ilipogeuka akainuka peke yake, akaomba kanga ya pili, akaifunga kiunoni, akateremka katikati. Wanawake wakakaa kimya. Hakuna aliyepiga kigelegele, maana waliona wakipiga watamkatiza. Nilikuwa chini sakafuni, magoti yameloa maji ya singo, na nikajua kila nikibonyeza kwamba hii ndiyo. Unafanya kazi miaka kumi na moja kwa ajili ya dakika nne kama zile, na alfajiri unazikabidhi na kuzifuta.

Nikakabidhi, nikafuta. Mama wa bi harusi akaangalia kioo cha kamera mpaka kikaandika hakuna picha. Saa mbili niko Raskazone. Kadi ile ilikuwa inabeba kama picha elfu mbili. Nilipofika mia tisa hivi kamera ikagoma: kadi imejaa. Nikatoa, nikarudisha, vilevile. Ndipo nikaona kifuniko ni kirefu kuliko nilivyodhani, na chini yake kuna kitundu kingine kina kadi, na ndani ya kadi ile yupo bibi, kanga kiunoni, mkono mmoja hewani.

Nilipaswa kuifuta palepale ukutani. Nilijiambia nitaifuta nyumbani. Nyumbani nikajiambia nizitazame mara moja, nijifunze tu pale taa ilipokosea. Nikaifunga kwenye bahasha, nikaiweka kabatini chini ya mashuka, na kila nikipanga mashuka nasema kesho. Miezi saba.

Halafu mama mwenyewe akaja, bila kupiga simu, na baiskeli ya kukodi, anahema. Flashi imekufa. Haikufa hasa: kaka yake bi harusi aliikuta kwenye droo, akaona ni flashi tu, akaifuta, akaijaza singeli kwa ajili ya bajaji yake. Mji mzima umecheza kwenye picha zile bila kujua. Na bibi alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita.

"Mwanangu, najua ulifuta. Niliona kwa macho yangu. Nimekuja tu, moyo umekataa kukaa."

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema, mama, ipo programu siku hizi inarudisha picha zilizofutwa, nipe siku tatu. Na ni kweli ipo. Angenishukuru, angenitangaza mpaka Lushoto. Sijui kwa nini sikuusema. Nadhani ni kwa sababu aliniamini kwa kile alichokiona kwenye kioo, na kioo kilikuwa kimemdanganya tayari mara moja kupitia kwangu. Nikamwambia. Kamera ina vitundu viwili, sikujua, nikajua asubuhi ile ile, sikufuta. Nikaeleza vibaya, nikirudiarudia.

Hakunijibu. Alitazama kabati.

"Nani kaziona?"

"Mimi."

"Mumeo?"

"Hapana, mama. Wallahi."

"Huyo kijana wako wa taa?"

"Hapana."

Akaniambia nifunge mlango. Tulikaa kwenye mkeka na kompyuta katikati yetu mpaka adhana ya alasiri. Nyingine alizipita haraka, nyingine alizirudia. Ilipofika ya bibi hakulia, kama nilivyoogopa. Alicheka, cheko la kifuani, akamgusa pale kiunoni kwenye kioo. "Kanga ile yangu," akasema. "Aliinyakua begani kwangu. Hata hakuomba." Basi mimi ndiye niliyekosea siku zote hizi, niliyedhani aliomba.

Nikamwekea kwenye flashi mbili. Nikainua kamera nimfutie ile kadi akiona, akanizuia mkono. Akaichomoa mwenyewe, kitu kidogo kama stempu, akaifunga kwenye pindo la kanga kama mtu anayefunga hela ya nauli, akakaza fundo kwa meno. Kadi ile ya GB 64 haijarudi na hela yake sijaiona, wala sitaidai. Mlangoni aligeuka. Nikadhani sasa ndiyo nasemwa.

"Lakini ulinikosea," akasema, na akaenda zake.

Nilikaa nikisubiri simu ziache kulia. Mji huu jambo halimalizi siku tatu. Nikahesabu Shaabani inayokuja kama msimu uliokwisha kupotea, nikamwambia hata mume wangu tuangalie biashara ya nguo vizuri zaidi. Simu zikaja kama kawaida. Sikuelewa, na sikuuliza.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Makorora. Beseni la simu kizingitini, mama wa makamo kitini. Simjui, hajanipigia, kazi ile ililetwa na mshonaji. Nikamwamkia, akaitika, akanitazama begi, akanitazama mimi.

"Itoe kamera, mwanangu."

Nikaitoa.

"Fungua hapo pembeni. Enhee. Na hicho kitundu cha pili, kiko chini yake. Tumeambiwa viko viwili."

Nikafungua. Kilikuwa kitupu. Alitia kidole chake chenye hina humo ndani kuhakikisha, kisha akanisogezea miguu nipite.